Uamuzi Uliokwisha Kufanywa Kabla Radi Haijapiga

Hotuba hii niliitoa mbele ya wahandisi chipukizi na mafundi wa vituo vya kupozea umeme. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao zamu hazikuwaruhusu kufika. Michoro niliyoionyesha ukutani nimeiacha. Palipohitajika nimeeleza kwa maneno.

Ndugu mwenyekiti, wahandisi wenzangu, mafundi, nanyi vijana mlio bado vyuoni, hamjambo?

Naomba tuanze kwa kuhesabu. Nitatamka neno moja tu, nanyi mtulie mnisikilize.

Moja.

Hiyo ni kama nusu sekunde. Katika gridi ya herzi 50, ndani ya nusu sekunde hiyo wimbi la umeme limepanda na kushuka mara 25. Sasa tuseme radi ilipiga mnara wa laini ya kilovolti 400 pale pale nilipofungua kinywa. Kabla sijamaliza kutamka, rilei za ncha zote mbili, yaani vile vifaa vinavyopima umeme na kuamua laini ikatwe au isikatwe, zilikwisha kuiona shoti, zikaamua, breka, zile swichi kubwa za kukatia laini, zikafunguka, na moto ule wa umeme ukazimika juu ya vikombe vinavyoshikilia nyaya. Yote hayo yalikwisha nikiwa bado kwenye silabi ya kwanza. Mwendeshaji aliye kwenye chumba cha udhibiti hata kengele hajaisikia.

Je, nani aliyeamua laini ile ikatwe? Mwendeshaji hakuulizwa. Meneja hakupigiwa simu. Hakuna binadamu aliyepata nafasi ya kuvuta pumzi, seuze kufikiri. Hata hivyo uamuzi ulifanyika, na ulikuwa uamuzi mzito, maana kuondoa laini ya kilovolti 400 kwenye gridi si sawa na kuzima taa ya chumbani.

Ulifanyika lini, basi, na nani?

Ulifanyika mwaka jana. Ulifanyika miaka 7 iliyopita. Aliufanya mhandisi aliyekaa mezani akahesabu viwango vya rilei, na fundi aliyekaza waya nyuma ya kabati, na yule aliyetia saini kwamba kila kitu kimepimwa. Tunauita ulinzi wa haraka, na haraka hiyo ni ya mashine. Fikra ni zetu, na muda wa kufikiri ni kabla. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na nitalirudia mpaka mlichoke.

Kwanza tuulizane: kwa nini tunaharakisha kiasi hiki?

Nikiuliza hivyo wengi hunijibu kwamba shoti inaunguza. Ni kweli. Mkondo wa shoti huweza kufika makumi ya maelfu ya ampia, na joto lake hukua kwa mraba wa mkondo, tena huzidi kwa kila milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, unayoiachia. Nyaya hulainika, vikombe hupasuka, transfoma hutikiswa matumbo. Lakini kama ingekuwa joto tu, tungeweza kuvumilia nusu sekunde. Sababu inayotufanya tugombanie milisekunde iko mbali na laini yenyewe. Iko kwenye mitambo inayozunguka.

Umewahi kusukuma mlango uliokwama, umeweka bega na nguvu zako zote, mara ukafunguka ghafla? Unajikuta umefika katikati ya chumba bila kukusudia. Ndivyo linavyofanyiwa jenereta. Maji au mvuke unalisukuma upande mmoja, na mzigo wa gridi unalizuia upande wa pili, na kwa mizani hiyo linazunguka kwa kasi moja na wenzake wote. Shoti ikitokea karibu nalo, msongo, yaani volti, huporomoka, na jenereta haliwezi tena kutoa umeme wake. Kizuizi kimeondoka. Maji hayajui kwamba kizuizi kimeondoka, yanaendelea kusukuma. Jenereta linaanza kukimbia.

Hapa naomba mnifuate kwa makini, maana ndipo penye kiini. Chukueni jenereta ambalo nguvu iliyohifadhiwa katika mzunguko wake, likiwa kwenye kasi kamili, inalingana na uzalishaji wake kamili wa sekunde 4. Hilo ni jenereta la kawaida kabisa. Liwe linafua umeme kwa uwezo wake wote, kisha shoti itokee mlangoni pake, lisiweze kutoa hata wati moja. Baada ya milisekunde 100 litakuwa limewatangulia wenzake kwa pembe ya nyuzi 11 hivi, mzunguko mzima ukiwa nyuzi 360. Baada ya milisekunde 200, je? Ni nyuzi 22?

Hapana. Ni nyuzi 45.

Muda ukiwa mara mbili, pembe inakuwa mara nne. Na kumbukeni kwamba jenereta lililobeba mzigo lilikuwa tayari limetangulia kwa nyuzi kadhaa kabla ya hitilafu, kwa sababu ndivyo umeme unavyosukumwa kutoka hapa kwenda kule. Kuna pembe ambayo likiivuka, hata ukikata shoti, gridi haiwezi tena kulivuta lirudi. Linateleza. Likiteleza hilo, la jirani yake linayumba, na la jirani wa jirani nalo linayumba. Kwa hiyo milisekunde tunazopunguza zina thamani isiyo sawa: za mwishoni ndizo ghali kuliko zote. Na ukiweza kukata mapema zaidi, unaweza kupitisha megawati nyingi zaidi katika laini zile zile bila kujenga hata mnara mmoja mpya, kwa sababu mitambo yako inaweza kuanza na pembe kubwa zaidi na bado ikapona.

Nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kazini nilisimama siku moja kwenye ukumbi wa mitambo, shoti ikatokea kwenye laini iliyokuwa ikitoka pale pale. Sikuona kitu. Nilisikia. Ule mngurumo ambao masikio yangu yalikwisha kuuzoea hadi nikausahau ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kama kifua cha mtu aliyekimbia. Fundi mzee aliyekuwa kando yangu aliweka kiganja juu ya reli ya chuma akakiacha hapo mpaka mtikisiko ulipotulia. Kisha akaniambia, "Zimekata mapema." Hakusema zaidi. Nilielewa miaka mingi baadaye kwamba alikuwa amesikiliza kwa mkono iwapo mashine ingerudi au isingerudi.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayeogopa kuitoa laini moja atailia gridi nzima.

Sasa, rilei inajuaje?

Njia tuliyorithi ni ya kupima umbali. Rilei inachukua msongo, inaugawa kwa mkondo, na jibu lake ni kipimo cha urefu wa waya uliopo kati yake na shoti. Jibu likiwa dogo, shoti iko karibu. Kanda ya kwanza tunaipa asilimia kama 80 ya laini, nayo hukata papo hapo, bila kungoja. Kanda ya pili huivuka laini ikafika hadi mwanzo wa laini inayofuata, lakini husubiri sehemu ya sekunde ili kumpa mwenye eneo lake nafasi ya kwanza. Kanda ya tatu hutazama mbali zaidi na husubiri zaidi. Hiyo ni akiba, kwa ajili ya siku ambayo mwingine ameshindwa kazi yake. Muitunze akilini hiyo kanda ya tatu, nitairudia.

Kugawa huko kulifanywa kwanza na vyuma na sumaku. Mwaka 1969 mhandisi George Rockefeller aliandika jinsi kompyuta inavyoweza kufanya kazi ya rilei, wakati ambapo kompyuta moja ilijaza chumba. Mwaka 1984 mhandisi Edmund Schweitzer akaleta sokoni rilei ya kidijitali iliyotoshea kwenye kabati. Lakini zote hizo, za chuma na za kompyuta, zilikuwa na udhaifu mmoja: ili kupima wimbi la herzi 50 kwa usahihi, ni lazima ulione wimbi, na wimbi moja kamili ni milisekunde 20. Unaweza kuchukua nusu yake, ukakisia, ukachuja. Lakini huwezi kujua urefu wa wimbi ambalo halijafika.

Ndipo watu wakaanza kusikiliza kitu kingine.

Shoti inapotokea, msongo wa mahali pale huanguka ghafla, na habari za anguko hilo husafiri kwenye waya kwenda pande zote mbili, kama mshindo wa kofi moja ndani ya bonde. Kwenye laini ya nguzo habari hizo huenda karibu na kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Laini ya kilomita 100 huvukwa kwa theluthi moja ya milisekunde. Fikirini! Wimbi la herzi 50 halijasogea hata nyuzi 6 katika mzunguko wake, na habari za shoti zimekwisha kufika kituoni, zimegonga, zimeanza kurudi.

Tena habari hizo zinasema zimetoka wapi. Mawimbi ya msongo na ya mkondo yakifika kwa alama zinazopingana, moja likipanda na jingine likishuka, shoti iko mbele yako, ndani ya laini. Yakifika kwa alama moja, iko nyuma ya mgongo wako. Hukumu hiyo haihitaji kugawanya wala kungoja. Kampuni ya ASEA ya Uswidi ilitengeneza rilei ya namna hiyo, RALDA, katika miaka ya 1970, wakati vyombo vya kupimia bado vilikuwa vizito. Leo zipo rilei zinazochukua sampuli milioni 1 kila sekunde, na zinaweza kutoa hukumu ndani ya milisekunde chache tu.

Kijana mmoja aliniuliza swali zuri pale nje kabla hatujaingia. Akasema: mzee, breka yenyewe inahitaji mawimbi mawili kufunguka na kuzima moto, yaani milisekunde 40. Kuna faida gani rilei kuamua kwa milisekunde 2 badala ya 17?

Nakujibu mbele ya wote, mwanangu, kwa sababu umeuliza kwa haki. Breka inangoja mkondo upite sifuri ndipo iweze kuukata, na hatuwezi kuilazimisha. Lakini 17 na 40 ni 57; 2 na 40 ni 42. Nimekwambia pembe hukua kwa mraba wa muda. Fanya hesabu: pembe imepungua karibu nusu. Kwa milisekunde 15 ambazo kope haziwezi kuzihisi!

Kuna na faida nyingine ambayo wahandisi wa ofisini huipuuza na wafanyakazi wa laini huishukuru. Mawimbi hayo yakipigwa mhuri wa saa za setilaiti katika ncha zote mbili, kosa la maikrosekunde moja katika tofauti ya saa hizo mbili ni kosa la mita 150 tu kwenye laini. Kwa hiyo unaweza kuwaelekeza watu kwenye mnara wenyewe. Anayejua kutembea chini ya laini milimani, usiku, akitafuta kikombe kilichopasuka miongoni mwa mamia ya minara, hahitaji kuelezwa maana ya mita 150.

Jambo moja linanistaajabisha hadi leo. Ncha mbili za laini zikitaka kulinganisha walichoona, huongea kupitia nyuzi za kioo. Mwanga ndani ya kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Mjumbe wetu ni mzito kuliko habari anayoipeleka.

Nimeisifu haraka vya kutosha. Sasa naomba tuitazame usoni, maana mashine yenye haraka ikidanganyika, hudanganyika kwa haraka.

Tarehe 9 Novemba 1965, saa 11 na dakika 16 jioni. Karibu na maporomoko ya Niagara, upande wa Kanada, kituo cha kufua umeme cha Sir Adam Beck kilikuwa kinapeleka umeme upande wa Toronto kwa laini 5 za kilovolti 230. Rilei ya akiba kwenye laini moja iliona mzigo umevuka kiwango chake, ikaikata. Palikuwa na shoti? Hapakuwa. Palikuwa na radi? Hapakuwa. Kiwango kile kilikuwa kimewekwa miaka ya nyuma, chini ya kile ambacho laini iliweza kubeba, na mahitaji yakaendelea kukua mwaka baada ya mwaka mpaka jioni ile ya baridi yakakigusa. Mzigo wa laini ya kwanza ukawaangukia wenzake wanne, nao wakatoka ndani ya sekunde 3. Umeme uliokosa njia ukageukia New York, mitambo ikaanza kukimbia, na watu kama milioni 30 wakaingia gizani, wengine hadi saa 13.

Rilei ile haikuharibika. Ilifanya sawasawa na ilivyoambiwa. Aliyeiambia alikuwa na sababu zake wakati ule. Ila hakuna aliyerudi kuiuliza kama sababu zile bado zipo.

Nikawaomba mtunze kanda ya tatu akilini. Tarehe 14 Agosti 2003, jimbo la Ohio, Marekani. Mchana ule laini za kilovolti 345 zilikuwa zimetoka moja baada ya nyingine kwa kugusa miti isiyokatwa, na programu ya kengele katika chumba cha udhibiti ilikuwa imekufa kimya kimya bila waendeshaji kujua. Saa 10 na dakika 5 jioni, na sekunde 57, laini ya Sammis kwenda Star ikajitoa. Hiyo haikugusa mti. Mkondo ulikuwa mkubwa mno kwa sababu ilikuwa imebeba mizigo ya wenzake. Msongo ulikuwa umeshuka kwa sababu gridi ilikuwa imechoka. Gawanya msongo mdogo kwa mkondo mkubwa, unapata nini? Unapata namba ndogo. Rilei ikaiona namba ile imeingia kanda ya tatu, ikasema: kuna shoti kule mbali. Ikasubiri muda wake kama ilivyofundishwa. Ikakata.

Hapakuwa na shoti kule mbali. Laini ile ilikuwa mtu aliyebeba mzigo mzito bila kulalamika, na rilei ikamchukua kuwa mgonjwa. Baada yake, rilei nyingine zikaona namba ndogo nazo, zikafanya vivyo hivyo, na ndani ya dakika chache watu milioni 50 wa Marekani na Kanada hawakuwa na umeme.

Mnaona kwamba katika mikasa yote miwili hakuna rilei iliyochelewa?

Ulaya nayo ina yake. Usiku wa tarehe 4 Novemba 2006 nchini Ujerumani, laini mbili zilizovuka mto Ems zilizimwa kwa makusudi ili meli kubwa ipite chini yake. Mzigo ukahamia laini nyingine, mojawapo ikiwa ya Landesbergen kwenda Wehrendorf. Ncha moja ya laini hiyo ilikuwa mikononi mwa mwendeshaji mmoja, ncha ya pili mikononi mwa mwingine, na viwango vya ulinzi vya ncha hizo mbili havikuwa sawa. Huyu wa upande huu aliamini bado ana nafasi. Laini ikakatwa, gridi ya bara ikapasuka vipande vitatu, na zaidi ya kaya milioni 15 zikakosa umeme. Waya ni mmoja! Ncha mbili za waya mmoja, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya mwenzake mezani wakati alipoihitaji.

Nije kwenye mkasa ambao vijana mtaishi nao kuliko sisi, maana ninyi ndio wa zama za umeme jua.

Tarehe 16 Agosti 2016, kusini mwa California, moto wa nyika ulioitwa Blue Cut uliingia kwenye njia ya laini za kilovolti 500. Moshi na ndimi za moto hupunguza uwezo wa hewa kuzuia umeme, kwa hiyo shoti zikafuatana siku hiyo: 13 kwenye laini za kilovolti 500, na 2 kwenye laini za kilovolti 287. Ulinzi wa laini ulifanya kazi ya kupigiwa mfano. Shoti iliyoleta kisa chenyewe ilikatwa kwa milisekunde 42 hivi. Ningekuwa mimi ndiye mhandisi wa laini ile, ningerudi nyumbani nimeridhika.

Lakini karibu megawati 1,200 za umeme jua zilitoweka.

Kwa nini? Shoti inapotokea, na inapokatwa, umbo la wimbi la msongo huruka na kuvunjika kwa muda mfupi. Inveta nyingi, vile vifaa vinavyogeuza umeme wa jua kuwa umeme wa mawimbi wa gridi, zilikuwa zimeandikiwa kupima masafa, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, papo hapo, kwenye kipande kidogo cha wimbi, na zikikuta yako chini ya herzi 57 zijitoe bila kungoja. Zikatazama wimbi lililovunjika, zikahesabu, zikapata masafa yaliyoanguka vibaya. Gridi yenyewe ilikuwa karibu na herzi 60 kama kawaida yake. Masafa yale ya chini hayakuwapo popote duniani ila ndani ya hesabu ya inveta. Nyingine hazikujitoa kabisa. Zilinyamaza kwa muda kwa sababu msongo ulikuwa umeyumba, na hivyo ndivyo zilivyofundishwa.

Dawa iliyotolewa kwa upande wa masafa ilikuwa kuziambia zisubiri. Chombo cha kisasa kuliko vyote kwenye gridi ile kilihitaji kufundishwa subira ya sekunde chache, kwa sababu masafa si kitu kinachoweza kujulikana ndani ya kipande cha wimbi. Rilei ya mawimbi yanayosafiri ina haki ya kuamua kwa milisekunde 2, kwa kuwa ushahidi wake wote umefika katika muda huo. Anayepima masafa hana haki hiyo, hata akiwa na kompyuta yenye kasi mara elfu. Kila mmoja aharakishe kwa kadiri ya anachokijua. Mkiketi kuandika viwango, msijiulize kifaa kina kasi gani. Jiulizeni: kufikia milisekunde hii, kitakuwa kimekwisha kuona nini?

Nigusie kwa kifupi laini za mkondo mnyoofu, ule usiopanda na kushuka kwa mawimbi, maana muda unanibana. Kule mkondo haupiti sifuri kamwe, kwa hiyo breka haina cha kungojea, na shoti hukua bila kituo. Huko Zhangbei, China, gridi ya vituo 4 yenye msongo wa kilovolti 500 chanya na hasi, iliyoanza kazi mwaka 2020, imejengwa ili shoti itambuliwe na kukatwa ndani ya milisekunde 6 hivi: kama 3 za kujua, 3 za kukata. Milisekunde 3 za kujua, ndugu zangu. Anayebuni ulinzi wa laini kama hiyo anakabidhi kila alichonacho mapema, kwa sababu baada ya hapo hakuna dirisha la kurekebisha.

Nimalizie na kisa changu mwenyewe. Kituo sitakitaja.

Tuliwasha laini mpya. Kila laini ina transfoma ndogo za kupimia mkondo, na zina upande wa kuingilia na wa kutokea. Waya zake zikibadilishana, rilei hupata kipimo sahihi cha ukubwa wa mkondo, ila mwelekeo hugeuka: mbele inakuwa nyuma, nyuma inakuwa mbele. Njia ya kugundua ni rahisi. Laini ikishawashwa na kubeba mzigo, unasoma pembe kati ya msongo na mkondo, unalinganisha na mwelekeo ambao unajua kwa hakika umeme unakwenda. Zikikubaliana, umepona.

Siku ile mzigo ulikuwa mdogo mno. Mkondo ulikuwa kidogo hata pembe yake haikutulia, ilikuwa inachezacheza kwenye kioo. Ilikuwa jioni, gari lilikuwa linatungoja, na wakubwa walikuwa wamekwisha kupeana mikono. Tukakubaliana kurudi mzigo utakapoongezeka.

Miezi ikapita. Mzigo ukaongezeka. Hatukurudi.

Kisha usiku mmoja wa mvua radi ikapiga laini ya jirani, iliyokuwa nyuma yetu. Rilei za laini ile zikakata kama inavyotakiwa. Rilei yetu nayo ikaona shoti, ikaiona iko mbele, karibu, katikati ya kanda ya kwanza. Ikakata papo hapo, kabla wimbi moja halijakamilika. Haikusita. Mji uliokuwa unalishwa na laini hizo mbili ukakosa zote mbili kwa wakati mmoja, ukakaa gizani mpaka tulipofika na kuelewa.

Nilipofungua kumbukumbu ya tukio, michirizi ya mkondo na msongo ilikuwa safi kama ya kitabuni. Rilei ilikuwa imefanya hesabu yake bila kosa lolote. Nikaenda kwenye kabati, nikafuata waya kwa kidole kutoka namba hadi namba, nikaukuta umefungwa mahali pasipo pake.

Nikaomba jalada la siku ya kuwasha. Ndani yake mna karatasi ya vipimo, na kwenye mstari wa mwelekeo wa mkondo hapana namba. Pameandikwa kwa kalamu: "Mzigo mdogo, itapimwa baadaye." Chini yake kuna saini.

Mwandiko ule ni wangu.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa niko tayari kwa maswali.